Laktomita Haijui Homa

Tuanze na swali dogo la mtihani. Uko stendi ya Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, pale barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapopita. Mbele yako kuna maziwa ya aina mbili. Ya kwanza yako kwenye dumu la njano lililofungwa nyuma ya bodaboda. Yamekamuliwa alfajiri kijijini, na mama mwenye mgahawa anapimiwa lita tano za chai ya asubuhi. Ya pili yako kwenye pakiti yenye jina la kiwanda, alama ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi, yamelala kwenye friji ya soda dukani. Yapi ni salama zaidi?

Ukijibu "ya pakiti", umejibu kama sheria inavyojibu. Ukijibu "ya dumu, maana hayana kemikali", umejibu kama watu wengi mtaani. Jibu la kisayansi linaudhi kidogo: bado hujaambiwa mambo ya kutosha. Hujui kama umeme ulikatika usiku na friji ikalala imezimwa. Hujui kama mama wa mgahawa atayachemsha mpaka yapande au atayapasha tu. Hujui ng'ombe alichomwa sindano ya antibiotiki lini, wala mashudu anayolishwa yalihifadhiwa wapi. Rangi ya dumu na uzuri wa pakiti havikuambii lolote kati ya hayo.

Makala hii ni uhakiki wa namna tunavyosimamia maziwa Tanzania, nikiiangalia kazi hiyo kutokea mji mdogo kama Nyashimo na siyo kutokea ofisini Dodoma. Hoja yangu ni moja. Usimamizi wetu umejengwa kujibu swali la "je, mnunuzi kadanganywa?", halafu jibu lake tunalitumia kana kwamba limejibu swali la "je, mnywaji ataumwa?" Hayo ni maswali mawili. Kuna maziwa ya uongo yasiyomdhuru mtu, na kuna maziwa ya kweli kabisa, hayana hata tone la maji, yanayoweza kukulaza kitandani miezi miwili.

Sheria inaona nini

Kwenye karatasi hatuko vibaya. Tuna Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, iliyoanzisha Bodi ya Maziwa Tanzania na kutaka wadau wa maziwa wasajiliwe. Tuna TBS, ambayo tangu Julai 2019 ilibeba pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA (na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA). Tuna kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, kinachotaja kila kitu: mafuta yasipungue asilimia 3.25, yabisi zisizo mafuta zisipungue asilimia 8.5, na bakteria wasizidi 200,000 kwa kila mililita ili maziwa yaitwe daraja la kwanza. Wakifika hadi milioni moja ni daraja la pili, na hadi milioni mbili ni la tatu.

Sasa shuka na karatasi hiyo mpaka barabarani. Nchi inazalisha zaidi ya lita bilioni tatu za maziwa kwa mwaka, na sehemu inayopita kiwandani haifiki hata asilimia tano. Mengine yote yananywewa nyumbani au yanauzwa kwa dumu, kwa kibuyu, kwa chupa ya maji iliyotumika, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hata Simiyu, mkoa wenye ng'ombe wengi na ambao umejaribu kuwa na kiwanda chake kule Meatu na kuuza kwa jina la Meatu Milk, maziwa mengi hayajawahi kukutana na lebo. Kwa hiyo sheria inayosoma lebo inasoma kijisehemu tu cha kitabu. Kurasa nyingine hazina maandishi.

Mahali pasipo na lebo, mkaguzi anabaki na kifaa kimoja anachoweza kukibeba kwenye mkoba: laktomita.

Hesabu ya maji

Laktomita ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea ndani ya maziwa. Kinapima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, basi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita ya maziwa ya ng'ombe ina kama kilo 1.030, kwa sababu ndani yake mna sukari ya maziwa, protini na madini ambavyo ni vizito kuliko maji. Laktomita ikielea kwenye alama ya 30, maana yake ni hiyo 1.030. Ongeza maji, maziwa yanakuwa mepesi na kijiti kinazama zaidi. Lita tisa za maziwa na lita moja ya maji zitakupa kama 1.027, na mkaguzi atakunja uso.

Mpaka hapo kazi nzuri. Lakini kumbuka kwamba ndani ya maziwa kuna kitu kingine chepesi kuliko maji: mafuta. Ndiyo maana krimu inapanda juu. Ukiiengua krimu, maziwa yanayobaki yanakuwa *mazito* zaidi, kama 1.035. Umeona mlango ulipo? Chukua lita 8.6 za maziwa yaliyoenguliwa, ongeza lita 1.4 za maji. Piga hesabu mwenyewe: 8.6 mara 1.035 ni 8.901; jumlisha 1.4, gawanya kwa 10. Unapata 1.030. Laktomita inasema "safi kabisa". Mnunuzi kaibiwa mara mbili, krimu imeondoka na maji yameingia, na kifaa cha serikali kimepiga muhuri.

Sisemi hivi ili kufundisha watu kuchakachua. Wanaochakachua wanajua tayari, tena bila fizikia ya darasani. Nasema ili wewe msomaji uone kilichotokea hapo: kifaa hakipimi maziwa, kinapima *kiwakilishi* cha maziwa. Na kila kiwakilishi kinachojulikana hadharani kinaweza kuchezewa.

Mchezo huohuo, kwa ukubwa wa kutisha

Kama unadhani hili ni tatizo la vifaa duni vya kijijini, twende China mwaka 2008. Huko viwanda havikutegemea kijiti cha kioo. Vilipima protini kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl mjini Copenhagen mwaka 1883, ambayo mpaka leo inaheshimika maabara nyingi duniani. Siri yake ni kwamba haipimi protini yenyewe. Inapima nitrojeni, kisha unazidisha kwa 6.38 kupata makadirio ya protini ya maziwa. Ina mantiki, maana ndani ya maziwa nitrojeni nyingi hutoka kwenye protini.

Wakusanyaji maziwa walikuwa wanaongeza maji. Maji yakishusha protini, kiwanda kinakataa mzigo. Wakaona dawa: melamini, kemikali ya kutengenezea sahani na mbao za plastiki, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kijiko kidogo, na kipimo kinasoma "protini ya kutosha". Watoto wachanga waliolishwa maziwa ya unga yale wakapata mawe kwenye figo. Watoto kama 300,000 waliathirika na sita wakafa. Kampuni ya Sanlu, mojawapo ya kubwa kabisa nchini humo, ikaanguka.

Angalia mpangilio wa matukio. Maji peke yake yasingeua watoto wale kwa namna ile. Kilichowaua ni kitu kilichowekwa *ili kukidanganya kipimo cha maji*. Pakiti zilikuwa nzuri na lebo zilikuwa kamili. Somo la China kwetu haliishii kwenye "Wachina wabaya", kama vijiwe vilivyosema wakati ule. Mfumo unaokagua kiwakilishi kimoja tu unawafundisha watu kukitengeneza kiwakilishi hicho.

Vitu ambavyo laktomita haivioni

Turudi Busega. Tuseme dumu letu la bodaboda limepimwa na limepata 30 halali. Mfugaji mwaminifu, hakuna maji, hakuna krimu iliyoibwa. Nini kinaweza kuwa ndani?

Cha kwanza ni bakteria wa kawaida, na muda. Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana kinga yake ya asili kwa saa mbili tatu hivi. Baada ya hapo, kwenye joto la mchana wetu, bakteria wengi wanaweza kujigawa mara mbili kila nusu saa. Anza na 50,000 kwa mililita, kiwango kizuri tu. Baada ya saa nne za kujigawa umezidisha mara 256, yaani karibu milioni 13. Daraja la tatu la kiwango chetu limekwisha kwenye milioni mbili. Laktomita bado inasema 30.

Cha pili ni brusela, bakteria wanaosababisha ng'ombe kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu usioelezeka. Unaifahamu picha hiyo? Kwetu inaitwa malaria. Kuna utafiti uliofanyika hospitali mbili za Moshi kati ya 2007 na 2008, ukachapishwa 2013. Wagonjwa 870 walilazwa kwa homa. Madaktari waliwapa 528 kati yao, yaani asilimia 60.7, jina la malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa watu 14 tu. Magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama yalikuwa mengi kuliko malaria: brusela peke yake ilikutwa kwa asilimia 3.5 ya waliopimwa ugonjwa huo, na homa ya Q kwa asilimia 5. Moshi siyo Simiyu, na brusela haipiti kwenye maziwa tu, hata kumsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu kunatosha. Lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini hatari ya maziwa haionekani kwenye takwimu. Mgonjwa hafiki zahanati akasema "nimekunywa maziwa mabaya". Anafika akasema ana homa, anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani, homa inarudi.

Cha tatu ni dawa. Ng'ombe akiugua kiwele akachomwa antibiotiki, maziwa yake yanatakiwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Sasa mwambie mfugaji mwenye ng'ombe wawili amwage kipato cha siku kadhaa, halafu hakuna mtu wa kumfidia wala wa kumpima. Kuchemsha hakutakusaidia sana hapa, maana mabaki ya dawa nyingi yanavumilia moto wa jikoni. Watengenezaji wa mtindi ndio wanaogundua kwanza. Maziwa yanagoma kuganda, kwa sababu antibiotiki inaua hata bakteria wazuri wa kugandisha. Mtindi unaogoma si ushahidi kamili, lakini ni kengele.

Cha nne, na hiki kinaihusu Simiyu kwa namna ya pekee, ni sumukuvu. Huu ni mkoa wa pamba, na mbegu ya pamba ikikamuliwa mafuta inaacha mashudu, chakula kizuri cha ng'ombe. Mashudu yakilowa na kuota ukungu wa aina fulani, ukungu huo unatengeneza sumu iitwayo aflatoksini B1. Ng'ombe akiila, ini lake linaigeuza kuwa M1 na kuitoa kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu mikrogramu 0.5 tu kwa kilo ya maziwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu 0.05, mara kumi chini yake. Watafiti waliopima mashudu ya alizeti na maziwa kule Singida walichapisha matokeo yao 2016: sumu ilikuwemo kwenye mashudu na kwenye maziwa. Mwaka huohuo, Dodoma na Manyara zilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu kwenye mahindi, watu 68 wakaugua na 20 wakafariki. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, haina harufu, haibadilishi ladha. Na laktomita? Bado 30.

Hatari nne, na kifaa chetu kikuu hakioni hata moja. Ndiyo maana nikasema laktomita haijui homa. Ilitengenezwa kulinda mfuko wako, na kazi hiyo inaijua nusu nusu.

Na pakiti je?

Nisionekane nawatetea wenye madumu. Pakiti ina faida kubwa moja: kiwandani maziwa yamepashwa joto kwa kipimo, kwa mfano nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, na brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hawavuki hapo. Tena kuna kipimo kizuri cha kuhakikisha. Ndani ya maziwa mabichi mna kimeng'enya kiitwacho fosfatasi ambacho huharibika kwenye joto la juu kidogo tu kuliko linaloua vimelea hivyo. Ukikikuta bado kinafanya kazi, ujue moto haukutosha au maziwa mabichi yamechanganywa baadaye. Hiki nacho ni kiwakilishi, lakini kimefungwa moja kwa moja na hatari yenyewe na si rahisi kukighushi. Kwa hiyo sichukii viwakilishi. Nachukia kutumia kiwakilishi cha swali moja kujibu swali lingine.

Shida ya pakiti inaanza baada ya lango la kiwanda. Tarehe iliyopigwa kwenye maziwa yaliyopashwa namna hiyo ina sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza: yahifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Tarehe inaahidi kitu kimoja, *kama* baridi haikukatika. Ikikatika njiani kutoka Mwanza, au friji ikazimwa usiku kuokoa umeme, tarehe imegeuka uongo bila mtu yeyote kuandika uongo. Kiwanda kiliandika ukweli, mwenye duka hakufuta kitu, wewe umesoma vizuri, na bado tumbo linasokota. Sheria inayotafuta *mwongo* haitamkuta mtu wa kumshika. Maziwa ya boksi yaliyopita joto la nyuzi 135 na zaidi hayahitaji friji mpaka yafunguliwe, lakini ni watu wangapi wameelezwa tofauti hiyo? Utakuta ya boksi yamejazwa kwenye friji na ya pakiti yamepangwa juu ya kaunta.

Halafu kuna majina. Kanuni za Codex za mwaka 1999 kuhusu matumizi ya maneno ya maziwa zinasema neno hilo ni la kile kinachotoka kwenye kiwele, bila kuongeza wala kuondoa. Maziwa ya unga yakirudishiwa maji yanaweza kuitwa maziwa, ila mnunuzi aambiwe pale ambapo kunyamaza kungempotosha. Unga uliochanganywa na mafuta ya mimea, kwa kawaida mawese, una kiwango chake tofauti na jina lake tofauti. Si sumu, ni chakula halali. Tatizo ni pale kopo linapochorwa ng'ombe na majani, huku neno "mafuta ya mimea" likijificha nyuma. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, hivyo geuza kopo usome viwili vitatu vya mwanzo. Kiswahili chenyewe kilishatenda haki hapa zamani: cha nazi tulikiita tui, hatukukiita maziwa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ililazimika kukaa mwaka 2017 kuamua kama kinywaji cha soya kinaweza kuuzwa kama maziwa, ikasema hapana.

Lakini rudi kwenye maswali yetu mawili. Mawese kwenye unga ni suala la udanganyifu. Friji iliyozimwa ni suala la hatari. La kwanza linashikika kwa kusoma lebo. La pili halishikiki hata ukisoma lebo mara kumi.

"Basi yapigwe marufuku"

Kila likitokea tatizo, kuna mtu anasimama kusema maziwa ya dumu yapigwe marufuku. Kenya walishapita njia hiyo. Kwa miaka mingi wachuuzi wa maziwa mabichi walikamatwa na maziwa yao kumwagwa. Wachuuzi hawakuisha. Walianza kusafirisha alfajiri na usiku, kwenye madumu ya plastiki yanayofichika, kwa sababu nani atanunua chombo kizuri cha alumini ili kinyang'anywe? Marufuku ilizalisha maziwa machafu zaidi. Mradi wa wafugaji wadogo uliowashirikisha wizara, taasisi ya utafiti wa kilimo na ILRI ulionyesha kwamba karibu kaya zote huchemsha maziwa kabla ya kunywa, na kwamba mchuuzi akifundishwa na kutambuliwa, maziwa yake yanakuwa bora. Mwaka 2004 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikabadili mwelekeo: fundisha, kisha toa leseni. Hata hivyo hamu ya marufuku haifi. Rasimu ya kanuni za 2019 ililazimika kuondolewa baada ya kelele za wananchi.

Kwetu pia, ILRI na Chuo Kikuu cha Sokoine walifanya kazi na wafugaji na wachuuzi wa Morogoro na Tanga chini ya jina la Maziwa Zaidi. Ujuzi upo nchini. Haujafika kwenye njia ya bodaboda inayoingia Nyashimo asubuhi.

Kuna mtu atanipinga, na ana haki: "Mtafiti, wewe unadharau maji. Maji yenyewe yametoka lambo analonywea ng'ombe." Kweli kabisa. Maji machafu yanaingiza kipindupindu na kuhara, na kumnyima mtoto theluthi ya protini aliyolipiwa ni madhara pia. Laktomita isitupwe. Ninachokataa ni mkaguzi kuichomoa, kusoma 30, kutikisa kichwa na kuondoka akiamini kalinda afya ya watu.

Nini kifanyike hapahapa

Mapendekezo yangu hayahitaji maabara ya mabilioni.

Moja, kila mahali maziwa yanapopokelewa, kipimo cha pombe kiwe cha lazima: maziwa na spiriti ya asilimia 70, kiasi sawa, tikisa. Yakikatika, yameanza kuchacha au kiwele kina tatizo. Kikifuatiwa na resazurini, rangi ya bluu inayogeuka pinki kisha nyeupe kadiri bakteria wanavyomaliza oksijeni, unapata picha ya usafi ndani ya dakika kumi. Hivyo vinapima muda na uchafu, mambo yanayoumiza kweli.

Mbili, usajili wa mchuuzi ufungwe na mafunzo na chombo. Dumu la mdomo mwembamba halioshiki ndani ya mpini. Pale ndipo bakteria wanapojenga. Chombo cha mdomo mpana ambacho mkono unaingia kinafanya kazi kubwa kuliko faini.

Tatu, sumukuvu ikaguliwe kwenye mashudu na siyo kwenye kikombe. Gunia moja lenye ukungu linalisha ng'ombe wengi, na gunia linaonekana kwa macho. Afisa mifugo akipita kwenye stoo za mashudu baada ya mvua, amezuia kitu ambacho hakuna jiko litakalokiondoa.

Nne, zahanati na idara ya mifugo ziongee. Homa isiyo malaria, kwa mtu anayefuga au anayekunywa maziwa mabichi, iulizwe kuhusu brusela. Na mfugaji ambaye ng'ombe wake ametupa mimba ajulikane kabla ya maziwa yake kufika stendi.

Na wewe unayesoma, wakati serikali inajipanga: chemsha mpaka yapande, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Ukinunua mtindi, usiulize kama ni mzito. Uliza kama maziwa *yalichemshwa kabla ya kugandishwa*, kwa sababu ukali wa mtindi haumalizi brusela kwa siku moja mbili. Kama muuzaji anashangaa swali lenyewe, jibu umeshalipata.